Kidimbwi cha mtaa Eastlands: Nani alipe, muogeleaji langoni au mlipa kodi?

Mzazi wa Kaloleni, Maringo au Kayole anayetaka mwanawe ajifunze kuogelea hana njia nyingi. Anaweza kumpeleka wikendi katika hoteli au klabu yenye kidimbwi na kulipa kiingilio cha kila mtoto. Anaweza pia kupanda matatu hadi Uwanja wa Nyayo au Kasarani, ambako serikali ilijenga vidimbwi katika miaka ya 1980. Asiyemudu lolote kati ya hayo humwonya mtoto asikaribie maji, kisha humwachia Mungu.

Watoto hawasikii. Mashariki mwa jiji, kuanzia Kayole hadi Njiru na Dandora, kuna matimbo ambamo mawe ya kujengea Nairobi yamechimbwa kwa miongo mingi. Mvua ya masika ikijaza mashimo hayo, vijana huvua mashati na kujitosa. Visa vya watoto kuzama humo vimeripotiwa mara kwa mara, na kila baada ya mkasa wakazi hudai mashimo yafukiwe au yazungushiwe ua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka 2021, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani. Miongoni mwa hatua ambazo shirika hilo hupendekeza ni kuwafunza watoto wa umri wa kwenda shule kuogelea na kujiokoa majini.

Hoja ya kuwa na kidimbwi cha umma katika mitaa ya Eastlands, basi, haina wapinzani wengi. Ugomvi huanza fedha zinapotajwa. Wapo wanaosema anayeogelea ndiye alipe, kwa kuwa si haki mkongwe wa Jericho ambaye hatakanyaga majini agharamie starehe za vijana. Wengine hushikilia kuwa kidimbwi ni kama barabara au taa za mtaani, hujengwa na kutunzwa kwa kodi ya wote. Pande zote mbili zina ukweli fulani, na zote mbili husahau mambo muhimu. Isitoshe, mjadala wenyewe si mgeni Eastlands. Mitaa hii iliwahi kupewa jibu lake zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jibu hilo lilikuwa ndani ya kibuyu cha pombe.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Kabla ya kuuliza nani alipe, yafaa ijulikane kinacholipiwa. Kidimbwi cha wastani chenye urefu wa mita 25, upana wa mita 12.5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba takriban lita 469,000 za maji. Hiyo ni mitungi ipatayo 23,400 ya lita 20, ile ile ambayo akina mama wa Eastlands hupanga foleni kuijaza siku ambazo mifereji imekauka.

Hesabu hiyo huwashtua wengi, nayo ni halali kuulizwa katika mitaa ambayo imezoea mgao wa maji. Hata hivyo, maji ya kidimbwi hayabadilishwi kila siku. Hujazwa mara moja, kisha pampu huyazungusha kupitia vichujio usiku na mchana, na dawa ya klorini huua vijidudu. Kinachoongezwa ni kile kinachopotea kwa jua, kwa miili ya waogeleaji na kwa kusafisha vichujio. Jua likikausha milimita 5 kwa siku, kidimbwi cha ukubwa huo hupoteza kama lita 1,560, yaani mitungi 78.

Gharama kubwa, kwa hivyo, haiko katika kujaza bali katika kuendesha. Pampu hula umeme, klorini haina budi kununuliwa kila mara na maji kupimwa mara kadhaa kwa siku. Waokoaji wanapaswa kuwa kando ya kidimbwi saa zote ambazo lango liko wazi, awe anayeogelea ni mtoto mmoja au 100. Hapo ndipo hesabu ya kiingilio inapoanza kuyumba.

Chukulia kiingilio ni Sh50. Jumamosi yenye jua mwezi Februari watoto 200 wataleta Sh10,000. Lakini Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na kati ya Juni na Agosti asubuhi zake ni za makoti mazito. Jumanne moja ya Julai wakijitokeza watoto sita, sanduku litakuwa na Sh300, ilhali pampu imezunguka vilevile na mwokoaji amesimama pale pale. Kidimbwi kinachotegemea lango pekee huvuna likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kisha hufunga mkanda miezi mingine. Meneja akibanwa hukata kwanza kile ambacho mteja hakioni, nacho ni dawa ya maji na idadi ya waokoaji. Huko ni kuokoa fedha mahali pa hatari kuliko pote.

KODI NI NENO LENYE MAANA MBILI

Katika Kiswahili neno kodi lina maana mbili: ile inayotozwa na serikali na ile inayodaiwa na mwenye nyumba. Kwa mpangaji wa Kaloleni, Bahati, Maringo au Jericho tofauti hiyo ni finyu, kwani mwenye nyumba ni serikali yenyewe. Mitaa hiyo ilijengwa na baraza la jiji kuwapangisha wafanyakazi, na ikarithiwa na Serikali ya Kaunti ya Nairobi mwaka 2013. Anayelipa kodi ya nyumba huko hulipa City Hall, na ana haki ya kuuliza malipo hayo yalimjengea nini zaidi ya paa linalovuja.

Dai kwamba watu wa Eastlands hawalipi kodi, na kwa hivyo hawawezi kudai kidimbwi cha kodi, halina mashiko. Mwenye kibanda Gikomba hulipa ushuru wa soko na leseni. Matatu inayomleta mjini hulipa ada kwa kaunti, na nauli huzibeba ada hizo. Kila anaponunua sabuni au muda wa maongezi wa simu, ushuru wa thamani ya ziada umo ndani ya bei. Anayepanga chumba Umoja au Kayole halipi kodi ya ardhi kwa jina lake, lakini mwenye ploti huijumuisha katika kodi ya mwezi.

Kodi ya ardhi yenyewe ina kisa chake. Kwa karibu miaka 40 Nairobi iliitoza kwa kufuata orodha ya thamani ya viwanja iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika kipindi hicho ardhi ya jiji ilipanda bei kupita kiasi, huku orodha ikibaki pale pale. Jiji lilinyimwa mapato ambayo yangeweza kujenga mengi, na waliofaidika zaidi hawakuwa wapangaji wa chumba kimoja Dandora.

POMBE ILIPOGHARAMIA MTAA

Mapema miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwahamishia Waafrika wa Nairobi katika mtaa mpya wa Pumwani, Baraza la Manispaa lilijitwalia ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Mfumo huo uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya Natal ya mwaka 1908 ilizipa manispaa mamlaka hayo. Faida ya kilabu cha pombe, pamoja na kodi za viwanja vya mtaani, ziliingia katika mfuko maalumu wa kuwahudumia Waafrika.

Kwa maneno mengine, Mwafrika aliyetaka huduma alizilipia kwa kunywa. Wazungu waliolipa kodi ya ardhi katika sehemu nyingine za mji hawakutaka kuzigharamia huduma za Pumwani, na mpango wa pombe uliwaondolea mzigo huo. Wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani mwao walikamatwa na kutozwa faini, kwa kuwa biashara yao ilipunguza mapato ya kilabu cha manispaa.

Huo ulikuwa mfumo wa ada ya mtumiaji katika sura yake kali zaidi: kila jamii ijitegemee kwa kile inachotumia, na tajiri asiguswe. Anayedai leo kwamba kila mtaa wa Nairobi ujilipie kidimbwi chake kwa kiingilio huenda asijue kwamba anarudia hoja ya madiwani wa kikoloni. Mitaa yenye fedha ingekuwa na maji safi, kama ilivyo sasa, na mingine ingebaki na matimbo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majumba ya kijamii yaliongezeka Eastlands pamoja na nyumba zenyewe. Ukumbi wa Kaloleni ukawa uwanja wa siasa za kupigania uhuru, na uwanja wa soka uliokuwa kando ya Barabara ya Donholm, sasa Jogoo, ukawa nyumbani kwa mabingwa. Tangu mwaka 2019 uwanja huo umebeba jina la marehemu Joe Kadenge.

Baada ya uhuru vyanzo vya mapato vya mabaraza vilikauka kimoja baada ya kingine. Kodi ya kichwa iliyopanda kwa kufuata mapato ya mtu, ambayo mabaraza yaliitegemea sana, ilifutwa mapema miaka ya 1970. Baraza la Jiji lenyewe lilivunjwa mwaka 1983, na makamishna walioteuliwa na serikali kuu wakatawala hadi mwaka 1992. Sheria ya mwaka 1998 ilizirejeshea serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa, ila sehemu kubwa iliishia katika madeni na mishahara. Majumba ya kijamii yakachakaa, na viwanja vya umma vikanyakuliwa. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kina jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa watu binafsi kote nchini. Yeyote anayetaka kujenga kidimbwi Eastlands leo atagundua kwamba kupata nusu ekari ya ardhi ya umma isiyo na mgogoro ni kazi ngumu kuliko kupata saruji.

Mfumo wa kibuyu, hata hivyo, haukufa. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, uliotegemea kodi zinazotozwa michezo ya kamari. Kijana wa Mathare anayebashiri matokeo ya ligi ya Uingereza kwa simu huchangia viwanja bila kujua, kama vile mlevi wa Pumwani alivyochangia mtaa wake. Tofauti ni kwamba fedha za kamari huenda katika kapu la taifa, na hakuna kinacholazimisha zirudi mtaani zilikotoka.

KINACHOTOKEA LANGONI

Kenya ina uzoefu wa kutosha kuhusu ada ndogo zinavyoathiri tabia za watu. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, zaidi ya wanafunzi milioni moja waliongezeka madarasani, wakiwemo wengi waliokuwa wamezuiliwa na malipo ambayo aliyekuwa nayo aliyaona madogo. Aidha, utafiti uliofanywa katika kliniki za waja wazito magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa bei ya chandarua ilipopanda kutoka bure hadi takriban Sh40, idadi ya waliokichukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Imani kwamba mtu hathamini asicholipia haikuthibitishwa.

Kuogelea si chandarua wala si darasa la kwanza, na pengine mtu atasema starehe inaweza kungoja. Lakini mama mwenye watoto wanne atadaiwa Sh200 langoni, fedha ambazo jioni zitahitajika kununua unga. Hatasema kidimbwi ni ghali. Atasema wataenda siku nyingine, na timbo halina lango.

Upande wa pili nao una mifano yake, tena ya hapa hapa Nairobi. Vyoo vya umma katikati ya jiji vilikuwa bure kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi vilikuwa havipitiki kwa uvundo. Mnamo miaka ya 2000 makundi ya vijana na wawekezaji walipokabidhiwa vyoo hivyo na kutoza Sh5, baadaye Sh10, maji yalirudi na sakafu zikaanza kupigwa deki. Wananchi walilipa bila kunung'unika sana kwa sababu sarafu yao ilionekana imekwenda wapi. Si kiwango cha ada kilichobadilisha vyoo hivyo. Ni kwamba aliyeipokea ndiye aliyenunua sabuni, na asingenunua asingepata mteja kesho.

Kiingilio pia kina kazi ambayo watetezi wa huduma za bure hawaitaji. Wasimamizi wengi wa vidimbwi hukadiria kiasi cha mita 3 mraba kwa kila muogeleaji. Kidimbwi kilichotajwa hapo juu kina mita 312.5 mraba, kwa hivyo kinatosha watu wapatao 100 kwa wakati mmoja. Siku ya Krismasi watakuja 1,000. Kama bei haitawapunguza, foleni itawapunguza, au ubabe wa vijana wakubwa dhidi ya watoto na wasichana. Kwa sababu hiyo kidimbwi cha bure huhitaji ratiba kali kuliko cha kulipia: saa za shule, saa za wasichana, saa za watu wazima, na mlinzi asiyehongeka.

Wengine waliwahi kutatua jambo hili kwa sheria. Uingereza ilipopitisha sheria ya mabafu ya umma mwaka 1846, miji iliruhusiwa kuyajenga kwa kodi ya majengo, lakini bunge likaweka kikomo cha bei kwa tabaka la wafanyakazi: peni moja kwa maji baridi na peni mbili kwa maji moto. Zaidi ya hayo, mabafu ya bei hiyo yalipaswa kuwa angalau mara mbili ya yale ya watu wa hali ya juu. Sheria ya mwaka 1878 ikaongeza vidimbwi vilivyoezekwa paa. Mlipa kodi alijenga, muogeleaji akachangia, na bei haikuachiwa meneja peke yake.

Nchi hiyo hiyo ilijifunza jambo jingine miaka 130 baadaye. Mwezi Aprili 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuogelea bure kwa vijana wasiozidi miaka 16 na wazee waliofikisha 60 kote England. Mpango huo ulisitishwa mwishoni mwa Julai 2010, baada ya tathmini kuonyesha kuwa wengi wa walionufaika wangeogelea hata kama wangelipa. Kufuta bei hakukutosha kumleta yule ambaye hajui kuogelea, hana wa kumfunza au yuko mbali na kidimbwi.

Funzo hilo linaihusu Eastlands moja kwa moja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, una mada ya kuogelea katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Shule nyingi za umma za Makadara, Kamukunji na Embakasi hazina kidimbwi, na mwalimu hufunza mada hiyo ubaoni au huiruka. Iwapo kodi itatumiwa vizuri, isitumiwe kumpunguzia kila anayefika langoni Jumamosi, bali kununua saa za asubuhi kwa ajili ya shule za jirani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ndizo saa ambazo kidimbwi kingekuwa kitupu, na ndizo zitakazomfikia mtoto ambaye mzazi wake hangempeleka kamwe. Watu wazima, sherehe za wikendi na klabu za mashindano walipie, tena bei inayostahili.

SARAFU INAKWENDA WAPI?

Suala zito kuliko yote halizungumzwi sana katika mijadala ya ada na kodi. Ni la akaunti.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, viwanja vya michezo na sehemu za burudani za umma ni jukumu la serikali za kaunti. Kidimbwi cha umma mtaani kingekuwa, basi, mali ya City Hall. Kifungu cha 207 kinaagiza kuwa fedha zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziondoa kwa sababu za maana. Kutoa fedha humo kunahitaji idhini ya bunge la kaunti na ya Msimamizi wa Bajeti.

Lengo la kifungu hicho ni jema, kwani kinazuia maafisa kuchota fedha sandukuni. Kwa kidimbwi, hata hivyo, kina makali yake. Sh50 ya mtoto wa Buruburu italala katika mfuko mmoja na ada za maegesho ya magari na za mabango ya matangazo. Pampu ikiharibika Aprili, meneja aliyekusanya maelfu likizoni hatakuwa na hata shilingi ya kuirekebisha. Ataandika barua. Bajeti ya ziada ikichelewa, maji yatageuka kijani, mbu watazaa, na ifikapo Desemba lango litakuwa na kufuli. Mkazi atakuwa amelipa mara mbili, kwa kodi na kwa kiingilio, na hana kidimbwi.

Hospitali za umma zilipitia taabu hiyo hiyo baada ya ugatuzi. Fedha walizolipa wagonjwa zilipelekwa makao makuu ya kaunti, huku wodi zikikosa glavu. Mwezi Oktoba 2023 ilitiwa saini sheria ya kitaifa inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kuboresha huduma, chini ya kamati za usimamizi na ukaguzi. Vituo vya michezo havimo katika sheria hiyo. Njia iliyo karibu zaidi kwa Nairobi ni Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, ambayo kifungu chake cha 116 kinaipa kaunti uwezo wa kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya kamati kuu na bunge lake. Bila mpangilio wa namna hiyo, kubishana iwapo kiingilio kiwe Sh30 au Sh100 ni kupoteza muda.

Eastlands yenyewe ina mifano ya fedha kubaki zilikokusanywa. Katika Dandora, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba nyingi zimezunguka viwanja vidogo vya pamoja ambavyo viligeuka majalala. Katika muongo wa 2010 makundi ya vijana yalianza kuvisafisha, yakapanda miti na kuweka bembea za watoto, na kila nyumba ikatoa mchango mdogo wa mwezi wa kulipia usafi na ulinzi. Asiyetoa hujulikana, kwa kuwa ni jirani. Mpango kama huo hufaulu pale penye nyumba chache. Hauwezi kubeba kidimbwi kinachotumiwa na mitaa mitano, ambako hakuna anayemjua mwenzake.

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilibuni malipo ya aina nyingine kabisa. Timu zilizoshiriki kusafisha mitaa zilipewa alama katika msimamo wa ligi, pamoja na zile za mabao. Aliyekosa shilingi alilipa kwa reki na toroli. Ni ajabu kwamba mijadala ya kugharamia huduma jijini hulikumbuka wazo hilo kwa nadra, ilhali lilizaliwa hapa. Kijana wa miaka 17 aliyefuzu uokoaji na kusimama kando ya maji saa nne kila Jumapili angekuwa amekilipia kiingilio chake na cha wadogo zake.

Harambee nayo hutajwa, kama ilivyo desturi. Imejenga shule na zahanati nyingi nchini, na huenda ikachimba kidimbwi. Lakini harambee hupenda kukata utepe. Haijawahi kununua klorini kila wiki kwa miaka 20.

Wakazi wanaotaka suala hili liingie katika vitabu vya City Hall wana tarehe za kuzingatia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na mradi usioandikwa humo ni vigumu kupata fedha. Taarifa ya mwelekeo wa matumizi hufuata ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Katika kila hatua kaunti inawajibika kusikiliza maoni ya umma. Nairobi ina pia mfuko wa maendeleo wa wadi zake 85, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ingawa mgao wa wadi moja hautoshi kidimbwi kizima na wadi jirani zingelazimika kuunganisha nguvu.

Ada zenyewe huwekwa kwingine. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria, na kaunti hupanga ada zake katika sheria ya fedha ya kila mwaka, ambayo mswada wake hupitishwa katika siku 90 baada ya sheria ya matumizi ya bajeti. Kiingilio cha mtoto, kiwe Sh50, Sh20 au sufuri, kitaandikwa katika jedwali la sheria hiyo, pamoja na ada za maegesho na za vibanda vya soko.